Povu zito la kunyolea: tazama maji kabla ya kulaumu sabuni

Mteja akiniuliza sabuni gani inatoa povu zito, mimi nami humuuliza: nyumbani kwako unatumia maji gani? Wengi hushangaa. Wanategemea niwatajie jina la sabuni, ikiwezekana ya bei kubwa, waende wakanunue shida iishe. Lakini ukilipima kwa uzito, povu la kunyolea karibu lote ni maji, yaliyoshikwa na sabuni kidogo tu. Sabuni inayotosha kunyoa uso mmoja haijazi hata kijiko cha chai. Kilichobaki ni maji. Yakiwa mabaya, au yakiwa mazuri lakini machache, hakuna sabuni itakayokuokoa.

Mimi ni kinyozi, kiti changu kiko Ilala, Dar es Salaam, na bado nanyoa ndevu kwa brashi na wembe wakati saluni nyingi za jirani zimebaki na mashine ya umeme. Siwalaumu, mashine inakwenda haraka na wateja wana haraka. Ila mwanaume anayetaka kidevu kilaini bila kuungua, na hasa mwenye ndevu za kujikunja, kwake povu zito ni nusu ya kazi. Ndevu kavu ni ngumu. Zikinywa maji kwa dakika mbili tatu zinalainika, na wembe unazikata badala ya kuzivuta. Povu ndilo linaloyashikilia maji hayo pale pale kwenye ndevu wakati mkono wako uko shavu la pili, na ndilo linaloutelezesha wembe juu ya ngozi. Likiwa jepesi, wembe unakwaruza, unarudia mahali pamoja mara tatu, mara nne, na baada ya siku mbili shingo imejaa vipele.

Kwa hiyo tuanze na maji.

Chukua chupa tupu ya nusu lita, isuuze vizuri, itie robo ya maji unayotumia bafuni. Kwangua sabuni yako ya kunyolea, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kisu, idondoshe humo. Funga kizibo, tikisa kwa nguvu, kisha iache isimame kidogo. Maji laini yatakupa povu jeupe linalokaa juu bila kukimbia. Maji magumu yatachafuka, yatakuwa na ukungu mweupe na vijipande vinavyoelea, na povu litakuwa haba, litakufa ungali unalitazama.

Sababu yake iko chini ya ardhi. Visima vingi vya pwani yetu, Dar, Unguja, Mombasa, vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na mawe hayo ni chokaa. Maji yakipita humo hubeba kalisiamu, na mara nyingi magnesiamu pia. Vitu hivyo vikikutana na sabuni vinashikana nayo na kuwa utando usioyeyuka, ule mweupe unaouona umezunguka ndani ya beseni la kufulia. Sabuni ikishageuka utando haitoi povu tena. Maana yake ni kwamba kwenye maji magumu sehemu ya kwanza ya sabuni yako inaliwa na maji, na povu linatokana na kile kilichobaki tu.

Kuna mzee mmoja, mstaafu wa reli, mteja wangu wa Jumamosi. Alihamia kwa mwanawe nje ya mji, kwenye nyumba ya maji ya kisima. Siku moja alifika na sabuni yake ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba huku tayari anaufungua mfuko.

"Mwanangu, hii sabuni wameichakachua. Naisugua mpaka mkono unaniuma, povu hakuna."

Nilimwomba akae. Nikalowesha brashi yake kwa maji yetu ya bomba, haya yanayotoka Mto Ruvu, nikaizungusha juu ya sabuni ile ile aliyokuwa anailaani. Povu likakijaza kiganja changu. Mzee alilitazama, akaligusa kwa kidole cha shahada, akalisugua na gumba.

"Kumbe kisima!"

Siku hizi anakinga mvua kwenye dumu na kulitenga kwa ajili ya ndevu zake. Nawe fanya hivyo kama unaishi kwenye maji ya kisima. Iache mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, ndipo ukinge. Kiangazi mvua hakuna, basi nunua maji ya chupa. Usiogope gharama, maana kikombe kimoja cha chai kinatosha kulowesha brashi na kutengeneza povu lote. Kunawa uso na kusuuza wembe endelea na maji ya kisima. Kuchemsha nako kunasaidia kama maji yenu ni ya aina inayoacha ganda jeupe ndani ya birika: sehemu ya chokaa inaganda na kubaki huko, nawe unayaacha yatulie na kumimina ya juu. Yenye chumvi ya kuonja kwa ulimi hayabadiliki hata uchemshe mchana kutwa. Na tafadhali, usikamulie limau ndani ya maji ya povu. Nasikia watu wakishauriana hivyo. Ukali wa limau unaivunja sabuni na povu linakatika. Limau lipeleke jikoni.

Sasa sabuni. Sabuni ya kuogea inatoa povu, sikatai, tena kwa haraka. Tatizo lake ni kwamba mapovu yake ni makubwa, yamejaa hewa, na yanakauka shavuni kabla hujamaliza upande mmoja. Sabuni ya mche ndiyo usiiguse kabisa kwa kazi hii, hiyo ni ya nguo na itakukausha ngozi. Sabuni ya kunyolea hupikwa kwa namna nyingine. Inatiwa asidi ya steariki, inayotokana na mafuta, kwa wingi, na badala ya kutumia magadi ya sodiamu peke yake, hutumika pia ya potasiamu. Potasiamu inafanya sabuni iwe laini na iyeyuke upesi kwenye maji, na steariki inatengeneza mapovu madogo sana yasiyopasuka ovyo. Soma maandishi ya kwenye boksi. Ukikuta potasiamu na steariki zimetajwa mwanzoni mwa orodha, hiyo ni sabuni ya kunyolea kweli. Kama jina tu ndilo linasema kunyolea na ndani ni sodiamu tupu, rudisha rafuni.

Zipo za kidonge cha duara ndani ya kopo, zipo za stiki, zipo za krimu ndani ya tyubu. Anayeanza namshauri stiki, na ile ya Arko kutoka Uturuki inajulikana dunia nzima kwa kutoa povu bila usumbufu. Unalowesha uso, unaipaka stiki kwenye ndevu kinyume na zinakoelekea, halafu brashi yenye maji inamalizia. Krimu nayo ni rahisi, maana tayari ina maji ndani yake. Sentimita moja na nusu ya krimu inatosha. Kidonge ndicho kinachotaka ujuzi zaidi, lakini ndicho kinachodumu na ndicho ninachokipenda, kwa hiyo nitaeleza kwa kidonge. Ukikiweza hicho, hivyo vingine vitakuwa mchezo.

Brashi ni suala ambalo pwani halikwepeki. Brashi nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe, na ukikuta boksi limeandikwa bristle bila maelezo zaidi, chukulia hivyo. Wateja wangu Waislamu wengi hawataki ziwaguse usoni, na mimi kwenye kiti changu siziweki kabisa, ili asije mtu akakaa na wasiwasi. Zile za bei ya juu ni za baja, mnyama wa Ulaya na Asia wa ukoo mmoja na nyegere. Zinashika maji mengi na ni laini. Lakini ukiniuliza leo ununue nini, nitakwambia sintetiki, yaani za nyuzi za kiwandani. Za zamani zilikuwa mbaya, za siku hizi ni laini, hazihitaji kulowekwa, zinakauka upesi kwenye joto letu lenye unyevu, na hazina swali la mnyama gani. Tafuta yenye nywele zilizosongamana, kipenyo cha fundo la nywele pale zinapoingia kwenye mpini kama milimita 24, na ncha zisizochoma ukizibonyeza kwenye kiganja.

Brashi ya zamani ya mtumba iliyotengenezwa kwa nywele za mnyama mimi nisingeipeleka usoni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanajeshi wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta kwa sababu ya brashi za kunyolea za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa kwa dawa kabla ya kuuzwa. Tangu hapo usafishaji wake ukawekewa sheria, na brashi mpya ya kiwandani haina hofu hiyo. Ya zamani usiyojua ilikotoka iache huko huko.

Haya, kazi yenyewe.

Mwagia sabuni maji ya uvuguvugu kijiko kimoja na uyaache juu yake. Ingiza brashi kwenye kikombe cha maji ya moto kiasi ambacho kidole kinavumilia. Sintetiki inatosha kuchovya, ya baja dakika moja, ya nguruwe iache ilainike kwanza, kwa sababu ikiingia kazini kavu itayanywa maji ya povu lako. Wakati huo nawa uso kwa maji ya uvuguvugu, au lowesha taulo dogo, kamua, jifunike nalo kidevuni. Hizi dakika ndizo zinazolainisha ndevu, usizikate. Anayetoka kuoga yeye ameshamaliza hatua hii.

Mimina yale maji yaliyokuwa juu ya sabuni. Itoe brashi, iache ichuruzike, kisha ikung'ute mara mbili kuelekea chini. Isikamuliwe ikawa kavu, na isidondoshe maji. Sasa ilishe sabuni: isimamishe juu ya kidonge, bonyeza kidogo tu mpaka ncha zifunguke, zungusha. Sekunde za mwanzo utaona mapovu makubwa yenye kelele, hayo ni maji yaliyozidi yanatoka. Watu wengi huishia hapo wakidhani wamepata. Endelea. Baada ya kama nusu dakika kelele inapungua, mapovu yanakufa, na kinachobaki ni rojo nzito inayong'ang'ania. Brashi inaanza kugoma kuzunguka. Ukiitazama ncha, rojo imejaa katikati ya nywele, si juu juu. Hapo imeshiba. Kama maji yako ni magumu kidogo na huna mengine, ongeza nusu dakika nyingine, uyape hayo maji sabuni yanayoidai na wewe ubakiwe na yako.

Rojo hiyo si povu bado. Ukiipaka hivi hivi itakauka na wembe utakwama. Hapa ndipo penye siri yote, na ndipo wengi wanapoogopa, kwa sababu wanahisi wakiongeza maji wataharibu walichopata. Ongeza, ila kwa vipimo vidogo.

Chukua bakuli ndogo yenye kuta za kukwaruza kidogo kwa ndani, kibakuli cha udongo kinafaa sana, au tumia kiganja cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho shule bora kwa anayejifunza. Weka brashi, anza kuzungusha kwa kasi ya kawaida, huku mara moja moja ukiipandisha na kuishusha ili hewa iingie. Chovya ncha tu kwenye maji, matone matano au sita, zungusha mpaka yameze kabisa. Chovya tena. Zungusha tena. Kila mara litazame. Mwanzoni rojo ni nyeupe iliyopauka, haing'ai, na inavutika ukinyanyua brashi. Kisha inavimba, inakuwa nyingi ghafla, na ukisogeza macho karibu utaona vitundu vidogo vidogo vimetapakaa. Hapa ndipo pa kutega. Linaonekana ni povu tayari, lina wingi, linasimama juu, na picha yake ingependeza. Lakini lina hewa na halina maji. Likipakwa usoni litatoweka.

Chovya tena mara mbili tatu na uendelee kuzungusha. Vile vitundu vinapotea kimoja kimoja. Wingi unapungua kidogo, usishtuke. Uso wa povu unakuwa laini na unaanza kung'aa chini ya taa, kama mtindi mzito uliokorogwa. Nyanyua brashi: kinundu kinasimama, halafu ncha yake inainama. Kikisimama wima kabisa, bado kiu. Kikilala chote, maji yamezidi. Halafu fanya jaribio la yule mzee, chukua povu kidogo katikati ya gumba na kidole cha shahada, sugua. Vidole vinatakiwa viteleze bila kugusana, na utelezi usiishe hata ukisugua kwa muda. Ukisikia ngozi inashika ngozi, rudi kwenye maji.

Kwenye kiti changu mimi huishia vijiko vya chai vitatu hivi vya maji kwa sabuni ya uso mmoja, vikiingia kidogo kidogo. Ukivimwaga vyote kwa pamoja hupati kitu, sabuni inaelea na maji yanachuruzika hadi kifuani. Na kama umefika huko kwenye kuchuruzika, usimwage. Rudisha brashi kwenye sabuni, ilishe sekunde kumi, urudi bakulini uzungushe. Povu lililozidi maji linatibika kwa sabuni, na lililokauka linatibika kwa maji. Lisilotibika ni lile lililotokana na sabuni haba, maana ukiongeza maji linakuwa maji, usipoongeza linakuwa hewa. Ndiyo sababu nimesisitiza kulisha brashi mpaka igome.

Jizoeze jioni bila kunyoa. Kaa na kiganja chako, tengeneza, haribu kwa makusudi kwa kuongeza maji mpaka livunjike, uone mpaka uko wapi. Mazoezi hayo yanagharimu sabuni kidogo sana na ngozi haiumii.

Kupaka usoni kuna mikono miwili. Kwanza zungusha brashi taratibu kwenye shavu, kidevu na chini ya taya, ili nywele zilizolala zinyanyuke na povu lifike kwenye shina lake. Kwa ndevu za kujikunja mzunguko huu una kazi kubwa, maana zipo nywele ambazo ncha yake imeanza kugeukia ngozi, na brashi inaziinua. Lakini penye vipele vibichi usizungushe wala usibonyeze, pitisha brashi ikiwa imelala, na kama vina usaha usinyoe kabisa mpaka vipone. Baada ya mzunguko, maliza kwa kupaka kama mtu anayepaka rangi ukutani: brashi imelala, inakwenda juu na kushuka, mpaka kila mahali pawe na tabaka sawa lisiloonyesha ngozi. Liache likae dakika moja kabla ya wembe.

Na zima pangaboi. Watu hawalifikirii hili. Umetengeneza povu safi, unakaa chini ya feni inayozunguka kwa kasi, ukifika shavu la pili limekauka na unalaumu sabuni. Likianza kukauka hata bila feni, chovya ncha ya brashi kwenye maji na ulipitishie tena, litafufuka.

Kunyoa kwenyewe ni somo la siku nyingine, ila mawili nitayasema kwa ajili ya wenye vipele. Fuata nywele zinakoelekea, usiende kinyume, na usiivute ngozi ili upate ukaribu zaidi. Nywele iliyokatwa chini ya usawa wa ngozi ndiyo inayojikunja na kuchoma ndani kwa ndani. Ukitaka kurudia, usirudie pakavu, paka povu tena. Brashi iliyolishwa vizuri inabaki na povu la mzunguko wa pili na hata wa tatu. Ikiisha baada ya mmoja, kesho ongeza muda kwenye sabuni. Ukimaliza, nawa kwa maji ya baridi, pitisha jiwe la shabu lililoloweshwa kama kuna mahali pametoka damu, subiri kidogo, nawa tena.

Wembe ni wa mtu mmoja, hilo kila mtu analijua kwa sababu ya Ukimwi na homa ya ini. Brashi nayo naiweka katika fungu hilo hilo. Wateja wangu wa kudumu kila mmoja ana yake, ina alama yake kwenye mpini, na wewe nyumbani usiazimane na kaka yako wala baba yako.

Baada ya kazi isuuze mpaka maji yanayotoka yawe safi, hasa kule chini nywele zinapoingia kwenye mpini, kwa sababu sabuni ikibaki pale inaganda na nywele zinaanza kukatika. Ikamue kwa kiganja bila kuizungusha wala kuivuta, ikung'ute, ipitishe juu ya taulo kavu, uitundike kichwa chini au uisimamishe penye hewa. Usiifungie bafuni ndani ya kopo ikiwa mbichi, kwa unyevu wa mji huu itaota ukungu kabla ya wiki kwisha. Ukitumia maji ya kisima, ikianza kuwa ngumu na kupoteza ulaini, iloweke dakika chache kwenye maji yenye siki kidogo, kijiko kimoja kwa kikombe, uisuuze sana. Hapo ukali unafaa, maana unauyeyusha ule utando wa chokaa.

Sabuni nayo iache kopo wazi mpaka ikauke juu ndipo ufunike. Kipande cha mwisho kikiwa chembamba usikitupe. Kiloweshe, kibandike juu ya kidonge kipya, ukikandamize kwa kidole gumba pembeni pote, na ukiache usiku kucha bila kukigusa. Asubuhi kitakuwa kimeshika na unaweza kulisha brashi juu yake.